Kabla ya Vati Kuna Karasha: Viumbe Wanaokula Plastiki na Kanda ya Dhahabu

Mwaka 2024 watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani jijini Nairobi, walitangaza kwamba mabuu wa mbawakawa mmoja mdogo wa Afrika wanaweza kutafuna na kumeng'enya aina moja ya plastiki. Habari ilipofika kwenye simu za watu ilikuwa imeshanenepa: funza wamepatikana, plastiki imepata kiboko yake. Ikachanganywa na habari ya bakteria wa Japani, na ya tumbo la ng'ombe lenye uwezo wa kuyeyusha plastiki, na ya funza wa nzi weusi wanaofugwa kwa mabaki ya chakula, ambao sifa yao ni kula maganda na pumba. Mambo manne tofauti yakawa jambo moja, na jambo hilo likawa ahadi.

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita ahadi hiyo inagusa maisha ya kila siku. Hapa kuna migodi mikubwa, maelfu ya wachimbaji wadogo, ng'ombe wengi na mashamba ya pamba, na kila shughuli kati ya hizo ina plastiki yake. Kwa hiyo inafaa kuuliza kwa utulivu: ni kiumbe gani amethibitishwa kufanya nini, kwa plastiki ipi, na angeweza kusaidia nini Kahama, Katoro au Nyarugusu?

Plastiki tunayoizungumzia

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza kutekelezwa Tanzania Bara Juni 1, 2019. Anayekutwa na mfuko anaweza kutozwa faini ya Sh30,000 au kufungwa siku saba, na kwa mzalishaji au mwingizaji adhabu inapanda hadi mamilioni ya shilingi. Rambo, kama mfuko huo ulivyoitwa, likaondoka sokoni kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia. Lakini sheria ile ililenga mfuko wa kubebea. Haikugusa kiroba, turubai, dumu, chupa ya maji wala gambuti.

Na hizo ndizo plastiki za machimbo. Dhahabu inapofumuka mahali, turubai hutangulia: linakuwa nyumba, jiko la mama lishe na duka. Mbale, yaani mawe yenye dhahabu, hupandishwa kutoka duarani (shimoni) ndani ya viroba, na viroba hivyohivyo vinazipeleka karashani, kwenye mashine ya kusagia. Mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, kuna mipira ya maji, ndoo na madumu, na penye vati (matangi) za kuchenjulia marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, kwa sianidi kuna karatasi za plastiki za kuzuia maji yenye sumu yasipenye ardhini. Dhahabu ikipungua, watu wanahama. Wanachukua pampu na karasha, kwa kuwa ni mali, na kuacha vipande vya turubai na viroba vilivyochanika.

Kikemia, kiroba na aina nyingi za mifuko mbadala ni polipropilini. Turubai, dumu na rambo la zamani ni polietilini. Chupa ya maji ni PET. Povu jeupe gumu linalozunguka televisheni mpya ndani ya boksi ni polistirini. Majina haya yanachosha kusoma, lakini mkanganyiko wote umezaliwa kwa kuyaacha. Kusema kiumbe fulani "anakula plastiki" ni sawa na kusema mnyama fulani "anakula mimea" bila kutaja kama ni majani mabichi au mbao za mninga.

Madhara hayaishii machimboni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima sangara na sato walionunuliwa Mwanza, ukathibitisha chembe za plastiki katika samaki mmoja kati ya watano wa kila aina. Samaki hao ni wa Ziwa Victoria, ambalo ndilo mpaka wa Geita upande wa kaskazini. Kwenye pamba, uzi mmoja wa kiroba ukichanganyika na nyuzi unapita kiwandani bila kuonekana na kuja kuharibu kitambaa, kwa sababu haushiki rangi kama pamba inavyoshika.

Nani amethibitishwa kufanya nini

Tuanze na wadudu. Mwaka 2015 watafiti wa China na Marekani walionyesha kwamba funza wa unga 100 hula miligramu 34 hadi 39 za polistirini kwa siku. Karibu nusu ya kaboni waliyoila iligeuka kuwa hewa ya kaboni dayoksaidi, na karibu nusu nyingine ikatoka kwenye kinyesi. Mwaka 2017 kundi la Federica Bertocchini nchini Hispania likaripoti kwamba mabuu 100 wa nondo wa nta walipunguza miligramu 92 za mfuko wa polietilini kwa saa 12. Wanasayansi wengine walipinga mapema kwamba ushahidi ule haukutosha kutofautisha plastiki iliyomeng'enywa na iliyosagwa tu. Mwaka 2022 kundi lilelile likaeleza kuhusu vimeng'enya viwili kwenye mate ya mabuu hao.

Matokeo ya icipe yako kwenye mstari huo. Mbawakawa wao hukaa kwenye mabanda ya kuku. Katika jaribio la takriban mwezi mmoja, mabuu waliopewa polistirini pamoja na pumba walivunja takriban asilimia 11.7 ya polistirini, na walifanya vizuri kuliko waliopewa plastiki peke yake. Maana yake ni kwamba hata mla plastiki anahitaji ugali wake. Watafiti pia walichunguza bakteria wa utumbo wa mabuu hao, na hapo ndipo thamani kubwa ya kazi yao ilipo: huenda mtenda kazi wa kweli ni bakteria, na buu ni karakana yake.

Kwa upande wa bakteria, jina kubwa ni *Ideonella sakaiensis*, aliyepatikana kwenye eneo la kurejeleza chupa katika mji wa Sakai, Japani, na kutangazwa mwaka 2016. Aliyeyusha karibu utando wote mwembamba wa PET kwa wiki sita katika nyuzijoto 30, joto ambalo Shinyanga inalifikia mchana bila kuwasha moto. Mwaka 2020 watafiti wa Ufaransa wakishirikiana na kampuni ya Carbios walichukua kimeng'enya kingine, kilichotokana na mboji ya majani, wakakiboresha hadi kikavunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10, lakini katika nyuzijoto 72.

Kisha kuna tumbo la ng'ombe. Mwaka 2021 watafiti wa Austria walichukua majimaji ya tumbo kubwa la ng'ombe kutoka machinjioni, wakaona yanaweza kuvunja aina tatu za plastiki. Zote tatu ni za jamii ya poliesta, PET ikiwamo. Polietilini haikuwamo. Mchinjaji anayepasua tumbo la ng'ombe aliyekula mifuko jalalani hukuta bonge la plastiki lililosokotana kama kamba, likiwa limelowa na kuganda nyasi, na rangi ya mfuko bado inasomeka. Vijidudu vilevile, tumbo lilelile, lakini plastiki tofauti.

Kwa nini nyingine zinalika na nyingine haziliki haraka

Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli. Mnyororo wa PET una viungo vinavyofanana na vile vilivyomo kwenye nta ya majani ya mimea. Kuvu na bakteria wamekuwa wakikata viungo vya nta hiyo kwa mamilioni ya miaka, hivyo mkasi walikuwa nao kabla ya chupa ya kwanza kutengenezwa. Polietilini na polipropilini hazina kiungo cha namna hiyo. Ni kaboni kwa kaboni kutoka mwanzo hadi mwisho, mfano wa nondo ya chuma isiyo na fundo la kuanzia kufungulia. Polistirini nayo uti wake ni wa kaboni, ndiyo maana takwimu zake ni ndogo.

Sababu ya pili ni mpangilio. Katika chupa ya maji minyororo imebanana sana, ilhali utando wa Japani ulikuwa na minyororo iliyolegea. Ili kimeng'enya kipenye, chupa inabidi kwanza iyeyushwe na kusagwa. Mchenjuaji wa Geita hahitaji maelezo marefu hapa. Hakuna anayetupa jiwe zima ndani ya vati na kusubiri sianidi ifanye kazi. Mbale hupita karashani, zikawa unga, ndipo dawa ikutane na dhahabu. Kwa plastiki pia, kabla ya vati kuna karasha, na karasha linataka umeme, maji na mtu wa kulilisha.

Sababu ya tatu ni kutafuna kuchukuliwa kuwa ni kumeng'enya. Mchwa hutoboa ganda la waya na panya hukata mpira wa maji, lakini hawashibi kwa plastiki hiyo. Jua la Shinyanga nalo hukausha kiroba kikawa kama majani makavu yanayobomoka mkononi. Kiroba hakijaoza, kimegawanyika kuwa chembe ambazo mvua ya kwanza itazibeba hadi mtoni.

Msimamo wa kwanza: tuwafuge, tuwapeleke jalalani

Wanaotetea njia hii wana hoja zenye mashiko. Mabuu hawahitaji mitambo ya gharama. Mbawakawa wa aina ya icipe ni wa Afrika, hivyo halmashauri isiyo na fedha za mtambo ingeweza kuwa na banda. Pia kanda hii imewahi kuona mdudu akifanya kazi: katika miaka ya 1990 fukusi kutoka Amerika ya Kusini waliachiwa katika Ziwa Victoria kula magugu maji, na wakasaidia kuyapunguza. Walichaguliwa baada ya majaribio kuonyesha kwamba hawahamii kwenye mimea mingine.

Udhaifu wake unaanza kwenye hesabu. Kwa kasi ya funza wa unga, kula kilo moja tu ya polistirini kwa siku kunahitaji takriban funza milioni 2.7. Kwa kasi iliyoripotiwa ya nondo wa nta, mabuu 100 wangetumia siku 27, usiku na mchana, kumaliza mfuko mmoja wa gramu tano. Na hizo ni plastiki safi ndani ya boksi la maabara. Jalala la Katoro lina mchanga, mafuta, betri na mabaki ya chakula, na funza mwenye maganda ya viazi mbele yake hana sababu ya kuhangaika na kiroba.

Tatizo lingine ni kinachobaki. Nusu ya kilicholiwa ikitoka kama kinyesi chenye chembe za plastiki, basi taka imebadilishwa umbo ikawa ngumu zaidi kuokota. Kinyesi hicho kikifanywa mbolea, au mabuu wakipewa kuku, chembe na viambato vya plastiki vinapewa njia ya kufika mezani. Katika maeneo ya uchenjuaji kuna hatari ya ziada: kiroba kilichobeba marudio kinaweza kuwa na mabaki ya zebaki au sianidi, vitu vinavyoua vijidudu vilevile tunavyovitegemea.

Na wadudu hawa wana historia yao. Nondo wa nta ni adui wa mizinga, na wafugaji nyuki wa Bukombe na Ushetu hawatafurahi kusikia anazalishwa kwa mamilioni jirani yao. Mbawakawa wa mabanda ya kuku hubeba vimelea vya magonjwa ya kuku. Anayetaja fukusi wa magugu maji anapaswa kumtaja pia sangara, aliyeingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 kwa nia njema ya kuongeza samaki, na ambaye alichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu. Somo la visa hivi viwili ni moja: kiumbe akishaachiwa, hapokei barua ya kusitishiwa kazi.

Msimamo wa pili: kiumbe abaki kiwandani, kazi ifanywe na kimeng'enya

Msimamo huu unasema tusimfuge mdudu jalalani bali tuazime mkasi wake. Kimeng'enya hakizaliani. Kinawekwa ndani ya tangi, kinavunja PET kuwa malighafi zake za awali, na malighafi hizo zinaweza kutengeneza chupa nyingine yenye ubora uleule. Urejelezaji wa kawaida wa kuyeyusha hupunguza ubora kila mara.

Sekta ya dhahabu ingepaswa kuelewa hoja hii kuliko sekta nyingine yoyote, kwani imekuwa ikiajiri bakteria kwa miaka 40. Mgodi wa Homestake nchini Marekani ulianza mwaka 1984 kutumia bakteria kusafisha maji yenye sianidi. Mgodi wa Fairview, Afrika Kusini, ulianza mwaka 1986 kutumia bakteria kufungua mbale sugu ili dhahabu itoke, na Obuasi nchini Ghana ukafuata mwaka 1994. Katika migodi hiyo bakteria hawakumwagwa porini. Walipewa makazi yenye joto, hewa na chakula kilichopimwa, na pale penye mbale, zikaletwa kwao zikiwa zimesagwa.

Udhaifu ni kwamba mafanikio makubwa ya vimeng'enya hadi sasa ni ya PET. Kiroba na turubai vimebaki nje. Joto la nyuzi 72 ni gharama ya nishati, na kiwanda kinahitaji maelfu ya tani za malighafi ili kijilipe. Hata Carbios wenyewe, wenye teknolojia mkononi, waliahirisha ujenzi wa kiwanda chao cha kwanza kikubwa huko Longlaville kwa sababu za kifedha. Kwa Tanzania kuna pia suala la kisheria. Viumbe waliobadilishwa vinasaba wanasimamiwa na kanuni za usalama wa bayoteknolojia za mwaka 2009, na mwaka 2018 serikali ilisimamisha majaribio ya mazao ya aina hiyo. Mradi wa kuzalisha vimeng'enya kwa bakteria waliobadilishwa hautapita kimyakimya.

Msimamo wa tatu: habari hizi zinatulaza usingizi

Kundi la tatu linaona hatari katika matumaini yenyewe. Mtu akiamini funza anakuja, hana haraka ya kuacha kutupa, na kiwanda hakina haraka ya kubadili kifungashio. Ushahidi wao wenye nguvu ni Juni 2019: rambo lilipungua mitaani kwa amri na faini, bila mdudu hata mmoja. Rwanda ilifanya hivyo mwaka 2008 na Kenya mwaka 2017. Duniani, hata hivyo, mazungumzo ya mkataba wa plastiki yaliyoanzishwa kwa azimio la Nairobi mwaka 2022 yaliahirishwa Geneva Agosti 2025 bila makubaliano, na mzozo mkubwa ulikuwa kama uzalishaji wenyewe uwekewe kikomo.

Hoja yao ina mapengo mawili. Kwanza, katazo halisafishi kilichokwisha kutupwa. Bonge lililo tumboni mwa ng'ombe na chembe zilizo ziwani hazisomi Gazeti la Serikali. Pili, si kila plastiki ina mbadala. Karatasi nene ya polietilini inayotandikwa chini ya mabwawa ya maji ya sianidi inalinda visima vya vijiji, na hapo tunataka plastiki idumu. Wapo wanaouliza kama kiumbe mla plastiki angeweza kutoboa karatasi hizo. Kwa kasi zilizopimwa hadi leo hofu hiyo ni ndogo, lakini inatosha kuwa sababu nyingine ya kutowaachia viumbe hawa ovyo.

Kupima mizani

Ukiiweka misimamo hii pamoja, jambo moja linajitokeza ambalo halimo katika vichwa vya habari. Njia zote zinazofanya kazi zinadai plastiki iliyokusanywa, iliyochambuliwa kwa aina na iliyosafishwa. Mdudu hakifuati kiroba mwaloni. Kiroba ndicho kinapaswa kupelekwa kwake. Na kukusanya ndiko kugumu katika kanda hii: machimbo yanahama, barabara ni mbaya wakati wa masika, na plastiki nyepesi hujaza lori kabla ya kufikisha uzito wenye faida.

Chupa ya PET tayari ina mnunuzi, ndiyo maana waokota chupa wapo Kahama na Geita mjini. Kiroba kilichochanika hakina mnunuzi. Pengo la kwanza la kuziba, basi, ni bei. Mwenye leseni ya uchimbaji au ya uchenjuaji angeweza kuwekewa sharti la kuondoa viroba na maturubai kabla ya kuhama, kama anavyotakiwa kufukia mashimo. Sharti kama hilo halina mvuto wa funza wa Nairobi, lakini bila hilo hata funza bora hana cha kula.

Shinyanga ina kumbukumbu inayofaa hapa. Katika karne iliyopita miti na vichaka vilifyekwa kwa wingi ili kuwaondoa mbung'o. Mbung'o walipungua, lakini ufyekaji huo, pamoja na mifugo mingi na kilimo cha pamba, uliiacha ardhi tupu. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulifanikiwa pale ulipowarudisha watu kwenye ngitili, utaratibu wao wenyewe wa kutenga malisho. Dawa ya mara moja ilizaa tatizo jipya. Utaratibu uliokuwa na mwenyewe ulidumu.

Hilo halimaanishi kuufunga mlango wa utafiti. Majalala ya zamani, mabanda ya kuku na matumbo ya ng'ombe wa Usukuma ni maktaba ya vijidudu ambayo haijasomwa, na kuchukua sampuli si kazi ghali. *Ideonella* alipatikana kwa njia hiyohiyo, mahali plastiki ilipokuwa imelala muda mrefu. Vyuo vyetu vikimtafuta mla polietilini au polipropilini, vitakuwa vinatafuta kilicho adimu, na kinachotuhusu sisi.

Kwa muhtasari

Viumbe wanaovunja plastiki wapo kweli, lakini kila mmoja ana plastiki yake, kasi yake na masharti yake. Ushahidi mzito zaidi uko kwenye PET, wa polistirini ni wa kiasi, na wa polietilini na polipropilini, ambazo ndizo turubai na kiroba cha machimboni, bado ni dhaifu. Kuwaachia wadudu jalalani kuna faida ndogo na hatari ya kweli kwa nyuki, kuku na chakula. Vimeng'enya vya kiwandani vina mustakabali mzuri zaidi, ila vitahitaji chupa nyingi zilizokusanywa, nishati na mtaji. Katazo na faini ndivyo vimeonyesha matokeo hadi sasa, ingawa haviondoi taka ya jana.

Habari nyingine ya mla plastiki ikija, na itakuja, msomaji wa Geita au Shinyanga ana maswali manne ya kuipima: ni plastiki ipi, kwa kasi gani, kinabaki nini baada ya kuliwa, na nani ataikusanya? Swali la nne ndilo ambalo hakuna maabara itakayotujibia.